Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: karatasi ya ruhusa iseme na mambo ya chumbani

Kwa: Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Waganga Wakuu wa Halmashauri zote za mkoa, Waganga Wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya vinavyofanya upasuaji.
Nakala: Wizara ya Afya, Dodoma.

YAH: MAELEKEZO ANAYOPEWA MGONJWA ANAPORUHUSIWA BAADA YA UPASUAJI MKUBWA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Karatasi anayoondoka nayo mgonjwa aliyepasuliwa ina nafasi ya jina, ya namba ya faili, ya dawa, ya tarehe ya kliniki na ya saini. Hakuna mahali panaposema lini anaweza kulala tena na mwenzake. Hakuna panaposema lini atajitwika dumu la maji, lini atashika jembe, lini ataingia ziwani kuvuta nyavu. Mara nyingi pameandikwa apumzike na asifanye kazi ngumu, tena kwa Kiingereza, kwa mwandiko ambao hata mimi niliyeusoma maisha yangu yote ya kazi naugeuzageuza kwenye mwanga.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Ujiji. Tangu niweke sare kabatini, kibaraza changu kimekuwa kliniki ambayo hamkuiidhinisha. Watu wanakuja na karatasi hizo. Wanawake huuliza la kwao baada ya kumaliza habari za nyumbani, za wajukuu na za bei ya mawese. Wanaume hawaulizi la kwao hata siku moja. Kila mmoja ana rafiki yake aliyepasuliwa. Rafiki huyo namhurumia, maana kwa ninavyosikia ameshapasuliwa ngiri, busha, tezi dume na kifua.

Ninachoomba ni hiki. Kila anayeruhusiwa baada ya upasuaji mkubwa aambiwe waziwazi, kwa Kiswahili, kwa maandishi yenye tarehe, lini anaweza kurudia tendo la ndoa na kazi za mwili wake, na ni dalili zipi zimfanye asimame na kurudi hospitali. Mwenzake naye aambiwe, mgonjwa akiridhia.

Nianze na upasuaji ninaoujua kuliko mingine, wa kujifungua. Mkoa huu ulikuwa mahali ambapo mama aliyeshindwa kuzaa alipakiwa kwenye boti au kwenye machela, na waliobaki nyumbani wakashika dua. Kuanzia mwaka 2006, Serikali ikishirikiana na wafadhili wakiwemo Bloomberg Philanthropies, vituo vya afya vya vijijini vikaanza kuwekewa vyumba vya upasuaji, na watumishi ambao si madaktari bingwa wakafundishwa kupasua na kutoa dawa ya usingizi. Tofauti niliiona kwa macho yangu, na sitaki mtu aseme nabeza kazi ile. Kisu kilisogezwa hadi karibu na mlango wa mama. Maneno ya kumsindikiza nyumbani baada ya kisu yamebaki yalipokuwa.

Wazee wetu walishalifikiria jambo hili. Mama alifungwa mkaja, akakaa arobaini, na mume akajua alale wapi. Ukihesabu, arobaini inakaribiana sana na wiki sita ambazo sisi wa hospitali huzitaja. Ndani ya muda huo mfuko wa uzazi hunywea, damu ya uzazi hukatika, mlango wa kizazi hufunga, na mshono wa tumbo hushika. Kulala na mume wakati damu bado inatoka ni kuvipa vijidudu njia ya kufika pale kondo lilipobanduka, na aliyepasuliwa ana kidonda kingine juu ya hicho.

Arobaini ina mapengo, hata hivyo. Watu huihesabu kwa ajili ya mtoto. Mama ambaye mtoto wake hakuishi anarudi nyumbani bila wageni, bila uji, na mara nyingine bila arobaini yenyewe. Ukoo unataka mtoto mwingine haraka ili machozi yakauke. Nimekaa na binti wa aina hiyo kutoka vijiji vya mwambao, mshono wake bado mbichi, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kuuliza habari za tumbo. Huyo ndiye anayehitaji karatasi kuliko wote, na ndiye ambaye wodini kila mtu anaona haya kumsemesha.

Halafu arobaini ikiisha, watu hudhani ruhusa imekamilika. Mama asiyenyonyesha anaweza kupevusha yai kabla hajaiona hedhi yake ya kwanza; ndiyo maana njia ya uzazi wa mpango inatakiwa kufikiriwa kuanzia wiki ya tatu. Anayenyonyesha usiku na mchana bila kumpa mtoto kitu kingine chochote ana kinga kubwa kwa miezi sita, ikiwa hedhi haijarudi. Moja kati ya hayo likibadilika, kinga imeondoka. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite miezi 24 tangu mtoto kuzaliwa hai hadi mimba nyingine. Kwa aliyepasuliwa ushauri huo una uzito wa pekee, kwa sababu kovu la mfuko wa uzazi linapovutwa mapema na mimba mpya, hatari ya kuchanika wakati wa uchungu huongezeka. Fikirieni likichanika katika kijiji kinachofikika kwa boti tu, usiku, ziwa limechafuka. Na karatasi inasema apumzike.

Kutolewa kizazi ndiko kunakovunja ndoa bila kelele. Mwanamke anatoka hospitali akiamini yeye kama mwanamke amekwisha. Mume ameshaelezwa na wenzake kijiweni kwamba kule ndani sasa ni pango, au kwamba ugonjwa wa mke utamwingia. Hakuna aliyewachorea mchoro, na mchoro wenyewe unatosha nyuma ya bahasha: kizazi kilikaa juu, uke uko chini yake, kizazi kikitolewa pamoja na mlango wake, sehemu ya juu ya uke inafungwa kwa nyuzi. Njia ipo, hisia zipo, na wengi waliokuwa wakivuja damu kila mwezi au wakiumia kwa uvimbe hulifurahia tendo kuliko walivyolifurahia miaka mingi.

Ila pale juu panataka muda. Ushauri wa kawaida ni wiki sita bila kuingiza chochote ukeni, na madaktari wengi huongeza hadi wiki nane au hata 12, hasa kama upasuaji ulifanywa kwa matundu madogo ya tumboni. Wakiwahi, mshono unaweza kuachia. Hutokea kwa wachache, lakini ukiachia damu humwagika na utumbo unaweza kuteremka ukeni, na hapo ni meza ya upasuaji tena usiku huohuo. Mvuvi mmoja wa Kibirizi nilimweleza haya mkewe akiwa pembeni. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa Bibi, si wangesema tu. Mtumbwi uliopigwa lami nao hauteremshwi majini kabla lami haijashika." Alichokosa mtu huyu si akili wala subira. Alikosa tarehe, na kwa kuikosa wakageuziana migongo karibu mwaka mzima.

Niongeze la ukavu, maana mkiliacha watu watajitibu. Mwanamke aliyetolewa na ovari, au aliyekoma hedhi, anaweza kuwa mkavu na akaumia. Hapa kwetu mkono wa kwanza huenda kwenye chupa ya mawese au kopo la mafuta ya mgando. Mawese ni ya mboga. Mafuta ya aina yoyote huudhoofisha mpira wa kondomu hadi ukapasuka, na ndani ya uke hayafai. Vilainishi vya maji vipo kwenye maduka ya dawa, lakini nani atavijua kama hakuna aliyevitaja?

Aliyeshonwa fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, muda wake ni mrefu zaidi: angalau miezi mitatu bila tendo, na mtoto wa mimba itakayofuata azaliwe hospitalini kwa upasuaji. Mwanamke huyu huenda alisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam kutibiwa. Akirudi anakuta mume aliyekuwa amemkimbia amerudi pia, kwa furaha, na anadai unyumba wake wiki hiyohiyo. Kazi ya mikono ya daktari bingwa inaweza kuharibika kwa usiku mmoja kwa kuwa mume hakuwamo chumbani maelekezo yalipotolewa.

Sasa wanaume, maana barua hii ikiishia kwa akina mama mtaipeleka kitengo cha mama na mtoto na itafia huko.

Aliyeshonwa ngiri ya kinena kwa kuwekewa wavu hutembea siku ileile. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2018 inasema arudie shughuli za kawaida mara tu maumivu yanapomruhusu, na tendo la ndoa ni shughuli ya kawaida. Kwa mizigo mizito kabisa wengi bado hushauri wiki nne hadi sita. Aliyeshonwa bila wavu, au aliyepasuliwa kwa dharura ngiri ikiwa imekwama, afuate neno la aliyempasua. Mtaani kwetu yupo aliyekaa miezi mitatu hajamgusa mkewe kwa kuogopa nyuzi, na yupo aliyerudi kwenye nyavu za dagaa kabla ya wiki kuisha, akapata uvimbe palepale aliposhonwa. Karatasi zao, ukiziweka pamoja, zinafanana neno kwa neno.

Tezi dume ndipo ninapowalaumu zaidi. Mzee amekojoa kwa mpira muda mrefu, amepasuliwa, mpira umetolewa, mkojo unatoka vizuri, anamshukuru Mungu. Anasubiri wiki sita, kwa kubahatisha tu. Anarudi kwa mkewe, kila kitu kinakwenda sawa, na mwishoni hakitoki kitu. Anajua amefungwa. Nimewaona waliouza mbuzi ili wakafunguliwe kwa waganga wa kienyeji, na nimemwona aliyemshuku mke mdogo.

Maelezo yenyewe ni mafupi. Upasuaji wa tezi dume hulegeza mlango wa kibofu, hivyo manii hurudi nyuma kibofuni badala ya kutoka mbele, kisha hutoka na mkojo, ambao utaonekana una ukungu. Hutokea kwa wengi wa wanaopasuliwa tezi iliyovimba. Hakudhuru mwili, raha hubaki, na mara nyingi hali hiyo ni ya kudumu. Kinachopungua sana ni uwezo wa kutia mimba, ingawa si kinga ya kutegemea. Mzee aliyeoa mke kijana na anayetaka mtoto ana haki ya kulisikia hilo kabla hajaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Kumwambia baadaye ni kumpa taarifa ya msiba.

Aliyetolewa tezi yote kwa sababu ya saratani yuko katika habari nyingine kabisa. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inaweza kuguswa, na nguvu zikirudi huweza kuchukua hata miaka miwili. Asiyeambiwa atanunua vidonge vya kuongeza nguvu kwa wachuuzi wa stendi. Na kama ni mtu wa moyo anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua, vidonge vya jamii ya sildenafili vinaweza kuishusha presha yake ghafla akafa. Hilo nalo liandikwe, kwa herufi kubwa.

Wagonjwa wanaotoka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete wanarudi kwetu na mfupa wa kifua uliofungwa kwa waya. Mfupa huo unataka wiki sita hadi nane kushikana, na wengi huambiwa wasubiri hadi wiki 12 kwa kazi nzito. Katika muda huo mtu asinyanyue kitu cha kuzidi kilo nne au tano, asivute, asisukume, na chumbani asijitegemeze kwa mikono juu ya mwenzake. Kipimo wanachopewa cha kurudia tendo ni kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema sana wala kubanwa kifua. Vijijini kwetu ghorofa mbili utazipata wapi? Tuna vilima. Semeni: ukiweza kupandisha kilima cha wastani kwa mwendo wa kuchangamka bila kifua kubana, moyo wako utalimudu na la chumbani.

Kati ya wagonjwa hao kuna mabinti waliowekewa valvu ya chuma ndani ya moyo, ambao watameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yao yote. Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na kuiacha kienyeji kunaweza kugandisha damu kwenye valvu na kuua mama. Kwa binti huyo, kuuliza lini alale na mume na kuuliza lini ashike mimba ni maswali mawili ya kujibiwa siku moja, na mtu mmoja, kabla hajapanda basi.

Nyonga bandia nitaigusa tu. Wengi huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe ya nyuzi 90 wala kupishanisha miguu, kwa wiki sita hadi 12, na tendo lisubiri karibu wiki sita, tena wakiwa wamelala chali. Vizuri. Lakini choo cha nyumbani ni cha kuchuchumaa, kitanda ni kifupi, na mzee wa Ujiji anataka kusujudu. Mwambieni aswali kwenye kiti, dini imempa udhuru huo. Na muulizeni habari za choo kabla hajaondoka, ili watoto watafute kiti kilichotobolewa.

Na hiyo kazi ngumu mnayoikataza ni ipi? Muulize mwanamke wa Mwanga au wa Kalinzi kama kuchota maji ni kazi ngumu, atakushangaa. Ni jambo la asubuhi tu. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Kutwanga, kusukuma mtambo wa kukamulia mawese, kubeba tenga la dagaa kutoka mwaloni, kupanda bodaboda kwenye barabara ya makorongo, yote hayo hayamo katika hesabu yake ya kazi ngumu. Aliyepasuliwa tumbo katikati anahitaji kujua kwamba kidonda kilichofunga juu hakijafunga chini. Kwenye wiki ya sita kovu lina kama nusu tu ya nguvu ya ngozi ya awali, huendelea kukaza kwa miezi, na mwisho wake hufika karibu asilimia 80, basi. Kwa hiyo mwandikieni kilo. Lita tatu, kisha tano, kisha kumi, na dumu zima baada ya tarehe fulani. Hapo hata mama mkwe ataelewa.

Kuna na upande wa pili, ambao familia zenye upendo ndizo huuharibu. Mgonjwa akirudi, analazwa. Anapelekewa maji, anapelekewa chakula, akijaribu kusimama wanapiga kelele. Kutembea ni dawa tangu siku za kwanza: kwenda uani, kwenda kwa jirani, kuongeza kidogo kila siku. Anayelala tu damu inaweza kuganda mguuni, na donge likang'oka likapanda mapafuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, asisubiri tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo homa, usaha au harufu kwenye mshono, damu mbichi baada ya tendo, maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Hayo yote yanaenea kwenye robo ukurasa.

Lipo jambo moja gumu zaidi, na nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Wanawake kadhaa wameniomba niwaandikie muda mrefu kuliko unaohitajika. "Bibi, niandikie miezi sita." Mwili umeshapona, lakini wao bado, au mume ni wa kulazimisha, na karatasi ya hospitali ndiyo "hapana" pekee inayoheshimiwa katika nyumba ile. Nawaelewa. Hata hivyo sikubaliani na kudanganya tarehe, kwa sababu karatasi ikishajulikana kuwa inasema uongo, haitamlinda mwingine. Ninachotaka kiongezwe chini ya kila tarehe ni sentensi hii: kabla ya siku hii ni hatari, baada ya siku hii ni pale mgonjwa mwenyewe atakapojisikia tayari. Tarehe isigeuzwe deni la kulipwa usiku huo. Na kukumbatiana, kushikana, kulala kitanda kimoja, hayo kwa wengi hayakatazwi hata wiki ya kwanza. Wanandoa wengi wametenganishwa vyumba bila sababu yoyote ya kitabibu.

Najua majibu mtakayonipa. Mtasema wauguzi ni wachache na zamu imewalemea. Kweli, nimeishi nayo. Ndiyo maana naomba karatasi, ambayo haichoki. Mashine inayochapa ankara ya mgonjwa inaweza kuchapa na ukurasa huu. Ankara haijawahi kusahaulika.

Mtasema ni aibu, muuguzi wa kike wa miaka 24 atamwambiaje mzee wa miaka 70. Mpeni kazi hiyo muuguzi wa kiume au mkubwa kiumri, na pale asipokuwepo ukurasa utatangulia kusema, yule binti abaki kuuliza tu kama mzee ana swali. Aibu inapungua sana mtaalamu anapoanza yeye. Mgonjwa hawezi kuanza. Amevaa shuka, ndugu saba wamezunguka kitanda, mchungaji yumo, na daktari anapita haraka. Tafuteni pazia, ondoeni ndugu kwa dakika chache. Msiulize kwanza kama ameolewa. Kila mtu mzima apewe maelezo, atakayeyatumia atayatumia. Na wale wanaodhani dini itakataa, wakakae msikitini Ujiji siku ya darsa wasikie masheikh wanavyofundisha janaba na haki za mke na mume bila kupepesa macho.

Mtasema kila upasuaji una yake na karatasi moja haitoshi. Hapo tunakubaliana. Iwe karatasi kwa kila aina ya upasuaji, na aliyepasua ajaze tarehe mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua alikuta nini ndani. Aandike tarehe ya kalenda. "Wiki sita" huanza kuhesabiwa tangu kupasuliwa, au tangu kutolewa nyuzi, au tangu kufika nyumbani, kutegemea anayehesabu anatamani nini. Asiyejua kusoma asomewe, na asiyekielewa Kiswahili vizuri aelezwe kwa Kiha. Kwa wanaorudi kutoka Muhimbili au Bugando na muhtasari wa Kiingereza, kliniki ya kwanza huku nyumbani iwatafsirie na kuwajazia ukurasa.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya ulizinduliwa mwaka 2024, wanapita majumbani kila siku. Wafundishwe maswali haya machache na wajue la kujibu na la kurudisha hospitali. Wizara, kwa vile mmepewa nakala, hakikisheni anayepokea simu ya bure ya 199 ana majibu hayahaya mbele yake, ili yule rafiki wa wanaume wa kibarazani kwangu, aliyepasuliwa kila kitu, aweze kuuliza bila kuonekana sura. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itawafikisha watu wengi zaidi kwenye meza zenu za upasuaji, na wote hao watarudi nyumbani, kwenye vitanda vyao.

Siombi bajeti mpya. Rasimu ya ukurasa wa kwanza, wa upasuaji wa kujifungua, nimeshaiandika kwa mkono, pande mbili, na nafasi za tarehe nimeziacha wazi. Haimtaji mtu wala kituo. Jumatatu asubuhi nitaileta ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa na kuomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Daktari mwenye masahihisho ayaandike pembeni kwa kalamu nyekundu, nimezoea. Kisha wodi moja, ya hospitali mtakayoichagua nyinyi, iijaribu kwa miezi mitatu, na mama akirudi kliniki ya wiki ya sita aulizwe kama mumewe aliisoma.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkunga mstaafu,
Ujiji, Kigoma